Je, Mbwa Wangu Ananipenda, au Anafuata Chakula Tu?

Watu wengi wanaofuga mbwa huuliza swali hili. Huulizwa na kijana wa Kimara aliyepewa mtoto wa mbwa na rafiki yake, na mama wa Nakuru anayeishi peke yake tangu wanawe wahamie mjini, hata na mlinzi wa usiku ambaye mwenzake wa zamu ni mbwa. Wote wameyaona mambo yaleyale: ukifika getini mbwa anakuja mbio, anajipindapinda, analia kwa furaha. Kisha jirani anapita na kusema, "Huyo anaufuata ugali wako tu. Siku ukiukosa utamkuta kwangu." Mwenye mbwa hucheka, lakini shaka inabaki.

Jibu fupi ni kwamba mbwa wako anakupenda, na dalili zake zimepimwa. Ila jibu hilo lina upande wa pili ambao wengi hawaufikirii. Mbwa hana maneno. Mapenzi yake, hofu yake na maumivu yake yote huyasema kwa mwili uleule mmoja. Asiyejua kuusoma huona furaha palipo na woga, na huona ukaidi palipo na ugonjwa. Kwa hiyo katika sura hii hatutatenganisha mapenzi ya mbwa na afya yake. Jicho linalotambua moja ndilo linalotambua jingine.

Chakula kina sehemu yake, lakini si chote

Tuanze kwa kukubali ukweli wa jirani. Mbwa hupenda chakula, na humzoea haraka anayempa. Swali ni kama kuna kitu zaidi ya hapo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu nchini Japani walifanya jaribio rahisi kueleweka. Walimkalisha mbwa na mwenye mbwa katika chumba kimoja kwa dakika 30, wakapima mkojo wa wote wawili kabla na baada. Walichokuwa wakitafuta ni oksitosini. Hii ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza na kuisambaza kwa damu ili kuamsha jambo fulani. Oksitosini hupanda kwa mama anaponyonyesha, na husaidia kumuunganisha na mtoto wake. Wale mbwa waliowatazama wenyewe machoni kwa muda mrefu walipandisha oksitosini yao, na ya wenyewe pia ikapanda. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni walipopewa jaribio hilohilo, hawakuonyesha badiliko hilo. Kwa hiyo kufugwa pekee hakutoshi kulieleza. Ni tabia ambayo mbwa wameijenga katika maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu.

Huko Atlanta, Marekani, mtafiti Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory alikwenda njia nyingine. Aliwafundisha mbwa kulala kimya, wakiwa macho na bila kufungwa, ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Kisha wakanusishwa harufu mbalimbali: ya mbwa wanayemjua, ya mbwa mgeni, ya mtu mgeni, na ya mtu wa nyumbani kwao. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani, ingawa mtu huyo hakuwapo na hakukuwa na chakula chochote cha kupewa. Harufu yake pekee ilitosha.

Nyumbani kwako huhitaji mashine. Mtazame mbwa wako wakati ameshiba. Je, anakuja kulala karibu na kiti chako? Akishtushwa na radi au fataki, anakukimbilia? Ukihama chumba, anainuka na kukufuata? Mbwa aliyeshiba na bado akachagua kuwa nawe hana ugali anaoufuata.

*Kwa ufupi:* Chakula humleta mbwa kwenye bakuli. Kinachomleta kwako akiwa ameshiba, au akiwa na hofu, ni mapenzi.

Mkia peke yake hautoshi

Watu wengi hutazama mkia na kuishia hapo: ukitikisika, mbwa amefurahi. Watoto wengi huumwa kwa sababu ya kosa hili. Mkia unaotikisika husema tu kwamba moyo wa mbwa umeamka. Kama ni kwa furaha au kwa hasira, mwili wote ndio utakaokwambia.

- Furaha: mkia unapunga kwa upana, kiuno kinayumba pamoja nao, mdomo umelegea na macho ni laini.
- Tahadhari au hasira: mkia umesimama juu, umekakamaa, unatikisika kwa haraka katika nafasi ndogo. Mwili umekazika, mdomo umefungwa, macho hayapepesi.
- Hofu: mkia umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, mwili umeshushwa chini.
- Wasiwasi wa mwanzo: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso, na kuonyesha weupe wa jicho pembeni.

Hizi za mwisho ndizo zinazotupita zaidi, na ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Fikiria mtoto wa miaka minne amemkumbatia mbwa shingoni na mama anapiga picha. Mbwa amegeuza uso, weupe wa jicho unaonekana, ulimi unalamba pua. Mama anasema, "Tazama anavyompenda!" Mbwa anasema kitu tofauti: anaomba kuachiwa. Kwa binadamu kukumbatia ni upendo, lakini kwa mbwa wengi ni kubanwa. Mfundishe mtoto kumkuna mbwa kifuani au begani, na kumwacha aondoke anapotaka.

Vivyo hivyo kutazamana machoni. Tumeona kwamba baina ya mbwa na mtu wake jicho hujenga mapenzi. Baina ya mbwa na mgeni, kumkazia macho ni kumtishia. Ukikutana na mbwa usiyemjua njiani, usikimbie na usimkodolee macho. Simama, geuza uso kidogo, teremsha mikono, kisha ondoka polepole.

Na mbwa akinguruma, usimpige. Kunguruma ni onyo lake: anakuomba nafasi kabla ya kutumia meno. Anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, na siku akizidiwa huuma bila kuonya. Jiulize kwanza ni nini kimemfikisha hapo: mtoto aliyemkanyaga, mgeni aliyeinamia bakuli lake, au jeraha usilolijua.

Je, ule uso wa kujuta ni majuto?

Unarudi nyumbani, kiatu kimetafunwa. Mbwa ameinamisha kichwa, masikio yamelala, anakutazama kwa pembeni. Unasema, "Anajua alichofanya."

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilichunguza jambo hili. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao wasile kipande cha chakula, kisha wakatoka chumbani. Baadhi ya mbwa walikula, wengine hawakula, lakini wenyewe wakati mwingine waliambiwa kinyume cha yaliyotokea. Ilionekana kwamba uso wa kujuta haukutegemea kama mbwa amekosa. Ulitegemea kama amekemewa. Tena walioonyesha majuto makubwa zaidi walikuwa wale waliokemewa bila kosa lolote.

Uso ule, basi, ni mbwa anayejaribu kuituliza hasira anayoiona kwako. Ukimwadhibu saa tatu baada ya kiatu kutafunwa, haunganishi fimbo na kiatu. Anaiunganisha na kurudi kwako nyumbani. Polepole furaha ya getini inaanza kuchanganyika na woga, na mwenye mbwa hajui ameipoteza wapi.

Kinachofaa ni kumsifu palepale anapofanya unachokitaka, na kumwondolea vishawishi. Kiatu kiwekwe juu, naye apewe kitu chake cha kutafuna. Mtoto wa mbwa hutafuna kwa sababu meno yanabadilika. Mbwa mkubwa anayetafuna kila kitu mara nyingi ni mbwa anayekaa peke yake siku nzima bila kazi.

Mlinzi mzuri hatengenezwi kwa mnyororo

Kwetu mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi, na wapo wanaoamini kwamba mbwa mkali hupatikana kwa kumfungia bandani mchana kutwa, kumpunguzia chakula, hata kumlisha pilipili. Imani hii huwaumiza mbwa, na haimsaidii mwenye nyumba.

Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliolea na kuchunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha mwaka 1965 kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 za maisha, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea dunia kwa urahisi ambao haurudi tena. Anachokizoea katika wiki hizo, iwe watoto, bodaboda, mwavuli au mtu mwenye kanzu, hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Asichokiona huweza kukiogopa daima.

Mbwa aliyekulia bandani bila kuona watu huogopa kila kitu. Humbwekea muuza maziwa kama anavyombwekea mwizi, kwa hiyo baada ya wiki mbili hakuna tena anayeamka kusikiliza. Na siku mnyororo ukikatika, anayeumwa mara nyingi ni mtoto wa jirani. Mbwa aliyezoeshwa watu wema huijua hali ya kawaida ya nyumba yake. Kitu kisicho cha kawaida kikija saa nane usiku, hukitambua, na sauti yake hubadilika. Huyo ndiye mlinzi.

Akilazimika kufungwa, kamba iwe ndefu, afikie kivuli na maji, na kila siku afunguliwe atembee nawe. Kumfunga mbwa juani bila maji ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kuwatesa wanyama.

Kumpenda bila kumleta sebuleni

Kwa familia nyingi, hasa za Kiislamu, mate ya mbwa ni najisi, na mbwa hukaa nje. Baadhi hudhani kwamba kwa sababu hiyo hawawezi kumtunza mbwa vizuri. Sivyo. Dini imeruhusu mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameijumuisha nyumba inayohitaji ulinzi. Waislamu wengi pia wamekua wakisikia ile hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Mbwa haoni upungufu wowote kwa kukosa kochi. Anachohitaji ni banda kavu lisilovuja, maji safi kila siku, sauti yako ikimwita jina lake, na matembezi ya jioni. Utaratibu wa usafi wa dini yako na huruma kwa mnyama vinakaa pamoja bila shida.

Mwili unaoficha maumivu

Hapa ndipo upande wa pili wa jibu letu unapoanza. Mbwa hulalamika kidogo sana. Mwenye jino bovu ataendelea kukupokea getini, mwenye homa atatikisa mkia akisikia sauti yako. Furaha yake kwako haithibitishi kwamba ni mzima. Tafuta badiliko dogo: anapanda ngazi polepole, anaacha chakula nusu, analala pembeni badala ya mlangoni, ananguruma ukimgusa mgongo. Mbwa mpole anayeanza ukali ghafla mara nyingi ana maumivu.

*Chakula.* Wengi huuliza kama ugali unamdhuru mbwa. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Erik Axelsson waligundua kwamba mbwa wana nakala nyingi, kati ya 4 na 30, za jeni inayosaidia kuyeyusha wanga, wakati mbwa mwitu wana 2 tu. Jeni ni maelekezo ya mwili yanayorithiwa kutoka kwa wazazi. Maana yake ni kwamba mbwa wamekula makombo ya wakulima kwa muda mrefu mpaka miili yao ikabadilika. Ugali, basi, anaumudu, ila ugali mtupu haumtoshi. Uchanganywe na dagaa wasio na chumvi nyingi, utumbo au nyama iliyochemshwa, au mayai. Viache kabisa hivi:

- chokoleti, zabibu mbichi na zilizokaushwa, vitunguu maji na vitunguu saumu;
- mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha;
- pipi na bazoka zisizo na sukari, kwani baadhi zina utamu bandia ulio sumu kwa mbwa;
- dawa za maumivu za binadamu, kama paracetamol na ibuprofen.

*Joto.* Mbwa hatoi jasho mwilini kote kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema na ulimi nje. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, mbwa aliyeachwa ndani ya gari huweza kufa kwa dakika chache. Mbwa wenye pua fupi huchoka haraka zaidi kwa sababu njia yao ya hewa ni finyu. Watembeze alfajiri au jioni. Kabla ya kutoka, weka kiganja chako juu ya lami. Ikikuunguza, inamuunguza na yeye.

*Kupe na minyoo.* Kupe hunyonya damu, na huingiza vijidudu vinavyoharibu chembe za damu. Dalili zake ni homa, ulegevu, fizi kupauka na kutokwa damu puani. Minyoo huwapata watoto wa mbwa tangu kwa mama yao, na mayai yake huweza kuwafikia watoto wanaocheza kwenye udongo. Kwa hiyo dawa ya minyoo unayompa mbwa inawalinda na wanao.

*Parvo.* Hiki ni kirusi kinachoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa: kutapika, kuhara damu yenye harufu kali, na kifo ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa mpaka karibu wiki ya 16. Dozi moja tu haitoshi.

Kichaa cha mbwa: pale kumjua mbwa wako kunapookoa uhai

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona karibu hakupo. Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu unazuilika kabisa.

Dalili kuu ni mabadiliko ya tabia. Mpole anakuwa mkali bila sababu. Mwoga anawasogelea wageni. Mwingine anajificha gizani, sauti inabadilika, mate yanamdondoka kwa sababu hawezi kumeza. Hapo wengi hudhani amekwamwa na mfupa, na wanaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Mtenge bila kumgusa, uite afisa mifugo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa anayeshukiwa:

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili.
2. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani.
3. Nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo, na umalize dozi zote hata kama jeraha limepona.

Kwa mbwa, chanjo hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama daktari wa mifugo anavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Mbwa 7 kati ya 10 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha kwamba inawezekana: chanjo ya mbwa iliutokomeza, na uliporudi mwaka 2016 ukatokomezwa tena kwa njia ileile.

Ukaguzi wa kila wiki

Chagua siku moja, umpapase mbwa wako kuanzia kichwani hadi mkiani.

- Fizi: ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe au za njano, mpeleke kwa daktari.
- Masikio: tafuta harufu mbaya, uchafu mweusi na kupe.
- Mbavu: uzihisi kwa vidole bila kuzihesabu kwa macho.
- Ngozi na nyayo: vidonda, viroboto, funza, miiba.
- Joto: la kawaida ni kati ya nyuzi za Selsiasi 38 na 39.2. Pua kavu si kipimo cha homa.
- Kinyesi na hamu ya kula: badiliko la zaidi ya siku moja lisipuuzwe.

Mbwa anayeguswa hivi kwa upole tangu mdogo hatagombana na daktari, na mikono yako itajifunza mwili wake mpaka uvimbe mdogo usikupite.

*Muhtasari wa sura:* Mbwa hutupenda, na mapenzi hayo yanaonekana hata pasipo na chakula. Husema kwa mwili wote, si kwa mkia tu. Fimbo ya kuchelewa humfundisha woga, na upweke haumfanyi mlinzi. Furaha yake isitufanye tuache kutafuta dalili za ugonjwa.

*Kazi ya wiki hii:* itafute kadi ya chanjo ya mbwa wako na usome tarehe ya mwisho. Kama imepita, au kama kadi haipo, nenda kwa daktari wa mifugo kabla ya Jumapili. Mbwa wako hawezi kukumbuka tarehe hiyo kwa niaba yako.